Mafuta Kwanza, Busti Baadaye

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wenye magari ya turbo hapa Dar es Salaam. Wengi mlikuwa kazini au safarini, mkaomba niiandike. Nimeiacha kama ilivyosemwa, nikatoa tu picha za ukutani na utani wa mafundi ambao hauandikiki.

Mzee wetu mwenyekiti, shikamoo. Mafundi wangu, kaka zangu, dada zangu, na nyie wadogo zangu mliopaki hapo nje magari yenye kelele kuliko mwendo, habari za mchana.

Naanza na swali. Nani humu ameongeza busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini? Nyoosheni mikono, leo hakuna trafiki. Naam, mikono mingi. Haya, kati yenu mlionyoosha, nani alipima presha ya mafuta, yaani ya petroli, kabla ya kuongeza hiyo busti? Narudia: nani alipima? Naona mikono miwili, na mmoja ni wa fundi, kwa hiyo huyo tumhesabu nusu.

Basi nilichokuja kusema leo ndicho hicho. Busti ni rahisi. Unazungusha kontrola ya busti, unabadilisha springi yake, unafunga turbo kubwa uliyoinunua kwa watu wa spea, hewa inaongezeka. Lakini injini haitembei kwa hewa. Hewa ikiongezeka mafuta yasipoongezeka, unachofanya ni kuvunja injini taratibu huku unafurahi.

Kwa nini nasema huku unafurahi? Kwa sababu mwanzoni gari linapendeza kweli. Sikilizeni vizuri. Kilo moja ya petroli ikitaka kuungua yote inahitaji kama kilo 14.7 za hewa. Hiyo ni hesabu ya gari linalotembea taratibu, mguu umepumzika. Ukikanyaga na turbo ikajaa, watengenezaji hawatumii hesabu hiyo. Wanashuka mpaka 11 na nusu, 12, hewa kwa petroli moja. Yaani wanamwaga mafuta mengi kuliko yanayoweza kuungua. Ni wajinga? Hapana. Yale ya ziada yameingia kupoza. Yakigeuka mvuke yanachukua joto ndani ya silinda, na joto ndilo adui wa injini ya turbo.

Sasa ukiongeza busti kidogo bila kugusa mafuta, unatoka 11 unaenda 12 na kitu. Hapo gari linachangamka, linavuta kuliko jana. Unawapigia simu rafiki zako. Wiki ijayo unaongeza tena kidogo. Sasa uko 13 na zaidi, joto limepanda, na mchanganyiko unaanza kujiwasha wenyewe kabla ya zamu yake. Injini inagonga. Na kugonga kwa mzunguko mkubwa, redio ikiwa imefunguliwa, hukusikii. Kinachokufa kwanza ni pistoni. Wenye injini za EJ20 za Subaru mnajua: zile kuta nyembamba za pistoni kati ya ringi na ringi zinakatika, kompresheni inashuka, moshi wa oili unaanza, halafu mtu anakwambia Subaru ni gari bovu. Subaru ana kosa gani hapo?

Niwape kisa cha mbali kidogo, cha mbio za langalanga. Miaka ya themanini karibu timu zote zilikuwa na injini za turbo, lita 1.5 tu, na nguvu za kutisha. Wakubwa wa mchezo wakaona wazidhibiti. Wakaweka sheria kuanzia mwaka 1984: kila gari lita 220 kwa mbio nzima, hakuna kujaza katikati. Mwaka 1985, Imola, nchini Italia, dereva Ayrton Senna aliongoza karibu mbio zote. Zimebaki raundi chache, petroli ikamwishia. Stefan Johansson wa Ferrari akapita mbele, watu wa nyumbani wakashangilia, naye ikamwishia. Alain Prost akavuka mstari wa kwanza, gari likamfia akirudi, na walipolipima uzito likakutwa jepesi kuliko sheria, akanyang'anywa ushindi. Akapewa Elio de Angelis.

Nawaambia kisa hiki kwa nini? Wale walikuwa na wahandisi bora duniani, na kitufe cha busti kiko mkononi mwa dereva. Lakini kila busti iliyopanda ilidai petroli yake, na petroli ilikuwa imehesabiwa. Hakuna busti ya bure. Imola haikuwepo, na Kinondoni haipo.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. Nitakaa sana kwenye pampu, kwa sababu ndiko watu wanakosea zaidi.

Pampu iko ndani ya tanki. Inasukuma petroli kupitia filta, inaenda kwenye reli inayobeba nozeli, vile vijibomba vinavyopuliza petroli kwenye injini, na mwisho wa reli kuna regulata inayobana presha na kurudisha ziada kwenye tanki. Magari mengi ya Kijapani tunayotumia, reli inakaa kwenye presha ya bar 3. Lakini angalieni ule mpira mwembamba unaotoka kwenye regulata kwenda kwenye manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Ule si pambo. Busti ikifika bar 1, regulata inapandisha presha ya reli mpaka bar 4. Busti bar 1 na nusu, reli bar 4 na nusu. Kwa nini? Kwa sababu nozeli inapuliza mafuta mahali ambapo tayari kuna presha ya hewa. Isipopandishiwa yake, inazidiwa.

Mmeona mtego? Wakati ule ule injini inapotaka mafuta mengi kuliko wakati wote, ndipo pampu inapotakiwa kusukuma dhidi ya presha kubwa kuliko wakati wote. Na pampu yoyote ya umeme, presha ikipanda, wingi unapungua. Wanaoishi maghorofani wanalijua hili: bomba la chini linajaza ndoo mara moja, ghorofa ya nne linachuruzika, na pampu ya maji ni ile ile.

Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba pampu inatoa lita 255 kwa saa, uliza: kwa presha gani? Kwa volti ngapi? Maana namba hiyo hupimwa kwa presha ya chini na umeme mzuri wa volti 13 na nusu. Gari lako lina umri gani? Waya wa pampu umepita chini ya kapeti tangu gari liko Japani, pini zimeota kutu, wewe umeongeza muziki mkubwa kwenye buti. Pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, gari likiwa linafanya kazi. Wengi mtakuta 12, au chini ya hapo. Hapo umenunua pampu ya lita 255 na unapata pampu nyingine kabisa. Dawa yake ni waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri, rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na waya mzuri wa kurudisha umeme kwenye bodi. Waya wa zamani unabaki kuiwasha rilei tu. Kazi ya mchana mmoja, na naiweka mbele ya kununua pampu mpya.

Angalizo: magari mengi yana kidhibiti kinachopunguza umeme wa pampu gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa, ili petroli isizunguke bure na kupata joto. Ukikiruka, pampu inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, na kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana petroli ndani ya tanki inakuwa ya moto. Ndiyo maana sishauri pampu kubwa kupita kiasi. Regulata nayo ina kikomo cha kurudisha, na ikishindwa, presha ya sailensa inapanda na gari linakula mafuta kama lori.

Sasa kisa cha pampu. Kuna Subaru Forester moja ya turbo ilizunguka gereji nyingi hapa mjini. Tatizo lake: ukikanyaga kwa nguvu, ikifika mzunguko wa elfu nne na kitu, inakata nguvu. Wakabadilisha plagi. Wakabadilisha koili. Wakatoa turbo, wakasema imekufa, wakaweka nyingine. Inakata vile vile. Pampu ilikuwa mpya, tena orijino, kwa hiyo hakuna aliyeifikiria. Fundi mmoja mzee, mtu mtulivu, akafunga geji ya presha kwenye reli, akaivutia mpaka kwenye kioo cha mbele, akamwambia mwenye gari twende. Busti ikapanda bar 0.9. Presha ya reli ilitakiwa ipande kwa 0.9 hiyo hiyo. Ikaanza kupanda, ikasimama, ikashuka. Akarudi, akafungua tanki. Alichokuta: aliyefunga pampu mpya alitumia kipande cha hosi ya kawaida ndani ya tanki. Hosi ya kawaida imetengenezwa petroli ipite ndani yake tu. Haikutengenezwa kuogelea ndani ya petroli. Ilikuwa imevimba, imelainika, imepasuka kwenye kibano. Presha ikiwa ndogo inavumilia. Presha ikipanda, petroli inarudi tankini. Kipande cha hosi urefu wa kiganja, kimekula turbo nzima ya mwenye gari.

Ipo hosi maalumu ya kuzama, imeandikwa 30R10. Ni ghali, inauma. Nunua. Na wenye Subaru, tanki lenu lina mabonde mawili, kushoto na kulia, kwa sababu propela shafti inapita katikati. Kuna kijipampu kisicho na umeme kinachovuta petroli ya bonde moja kuipeleka kwenye lingine. Fundi akisahau kurudisha mpira wake, gari litazima huku geji inaonyesha bado yapo, nawe utaapa umerogwa.

Twende kwenye nozeli. Hapa hesabu ni rahisi, chukueni simu.

Injini ya turbo ya petroli, kwa kukadiria, kila nguvu moja ya farasi inataka kama gramu 270 za petroli kwa saa. Unataka nguvu 300? Hiyo ni kilo 81 kwa saa, karibu lita 109. Gawa kwa dakika 60, gawa kwa nozeli 4: kila nozeli itoe kama sentimita za ujazo (cc) 455 kwa dakika. Umemaliza? Bado. Nozeli hufunguka na kujifunga kila mzunguko wa kazi. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, nafasi yake yote ni milisekunde 20. Huwezi kuiacha wazi muda wote, ikifika huko haitawaliki tena. Tunaishia asilimia 85. Gawa 455 kwa 0.85, unapata kama 535. Basi nozeli zako ziwe 550 au zaidi kidogo.

Sasa geuza hesabu. Una nozeli nne za 440 na hutaki kuzibadilisha. Zinabeba nguvu ngapi kwa usalama? Kama 245. Mwenye nozeli nne za 440 anayeniambia gari lake lina 320, namuuliza tu: hiyo petroli unaitolea wapi?

Hata wenyewe waliotengeneza walifuata hesabu hii. Ile injini ya 2JZ-GTE ya Toyota Supra iliyouzwa Japani, yenye silinda sita, ilikuja na nozeli sita za 440, kwa sababu watengenezaji wa Kijapani walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari linalozidi nguvu 280. Injini hiyo hiyo ilipokwenda Marekani na Ulaya, ikapewa turbo tofauti na nguvu 320 na zaidi, na nozeli zikawa 550. Toyota hakuongeza busti akaomba Mungu. Alipoongeza nguvu, aliongeza nozeli. Sasa sisi ni nani?

Kuhusu kununua, nitasema kwa ufupi maana mnanijua. Nozeli za bei ya kutupa zenye nembo kubwa ni bandia. Pampu za Walbro bandia zimejaa, na boksi lake ni zuri kuliko la orijino. Nozeli ziwe seti, zimepimwa pamoja, tofauti kati yao iwe ndogo sana. Moja ikitoa pungufu, kipimo cha kwenye eksozi kitakuonyesha wastani mzuri wa zote nne, na silinda ile moja inaungua kimya kimya.

Na ukizibadilisha, kompyuta ya gari lazima iambiwe. Lazima. Nozeli mpya zina ukubwa wake, na zina muda wake wa kuchelewa kufunguka, kama milisekunde moja, unaobadilika na volti ya betri. Usipomwekea fundi wa programu namba hizo, gari litakohoa sailensa, litakula mafuta, na kwenye busti utakuwa unabahatisha. Wale wanaofunga nozeli kubwa halafu wanapunguza presha ya regulata ili gari likae sawa, naomba muache. Mnajua mko wapi, sitawataja.

Dakika chache kwa petroli yenyewe. Magari haya mengi yaliwekewa programu kwa ajili ya petroli bora ya Japani, oktani 100. Oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga. Petroli tunayojaza hapa ni chini ya hapo. Kwa hiyo hata gari lako likiwa halijaguswa, tayari halina ile akiba ya usalama iliyotoka nayo kiwandani. Halafu ongeza uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na yakiingia kwenye petroli ya injini ya turbo ni sumu. Serikali zetu zinalijua hili. Tanzania tunaweka vinasaba, alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, tangu 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuchakachua iondoke. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Chagueni kituo kinachouza sana, na kaeni nacho. Na ile ethanoli ya E85 mnayoiona mtandaoni, mbali na kwamba huku hamuikuti kwenye vituo, inataka wingi wa mafuta zaidi kwa kama theluthi moja. Pampu na nozeli zote zinaanza upya.

Kuna jambo la mwinuko ambalo halisemwi sana. Kijana mmoja alinunua Subaru Impreza iliyotengenezwa vizuri Mbeya. Huko haikuwa na shida hata siku moja. Akashuka nayo Dar, baada ya muda ikaanza kukata juu ya gia ya nne. Kulikoni? Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ina presha kama bar 0.83. Hapa pwani ni bar 1. Kontrola yake ya busti ni ya mkono, inapima juu ya hewa ya nje. Geji ikisoma bar 1 Mbeya, ndani ya manifodi mna bar 1.83. Geji ikisoma bar 1 hapa, mna bar 2. Joto la Dar linapunguza uzito wa hewa, kwa hiyo nyongeza haifiki asilimia 10 kamili, lakini joto hilo hilo linachochea kugonga. Walipomuunganisha kwenye kompyuta, nozeli zilikuwa wazi karibu muda wote. Walipotoa plagi, zina vidoadoa vinavyong'aa. Mafundi mmeguna, mnajua ni nini. Ile ni aluminiamu ya pistoni.

Wenye Forester za injini ya FA20, Levorg, na Golf GTI, msilale. Zenu zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu ya tanki inalisha pampu nyingine inayosukumwa na kemshafti, na hiyo inapandisha presha zaidi ya bar 150. Muda wa kupuliza ni mfupi kuliko wa nozeli za zamani, kwa hiyo hesabu ya leo haiwafai ilivyo. Pampu ile ya juu ikizidiwa, presha ya reli inaporomoka ghafla. Kompyuta zenu zinaonyesha presha hiyo, isomeni.

Mwisho, utaratibu, kwa anayeanza kesho. Filta mpya. Volti kwenye pampu. Geji ya presha kwenye reli, ukiangalia inavyopanda sawa na busti mpaka juu ya gia ya tatu. Halafu waidibendi, kile kipimo cha uwiano wa hewa na petroli, kwenye eksozi, maana sensa ya oksijeni ya kawaida ukishakanyaga haikwambii kitu. Hivyo vyote, busti ikiwa bado ya kiwandani! Ukiona mfumo una akiba, ndipo uguse kontrola. Na siku unajaribu, nenda na mtu wa kukusomea geji, beba kizimamoto, na kabla ya kufungua paipu yoyote vuta fyuzi ya pampu, piga stata presha iishe, kisha toa betri. Busti ikiwa juu na namba ya waidibendi ikaanza kupanda kuelekea 13, toa mguu. Usimalizie gia, usiseme ngoja nione. Toa mguu.

Geji ya presha iko pale mezani na viunganishi vyake, na fundi ameshaandaa multimita. Wenye Forester na Impreza njooni kwanza, mmoja mmoja, na fungueni boneti kabla hamjafika mezani.